Asilimia ya Nini? LEED Ilipoingia Kanada



Siku hizi huko nyumbani, iwe Nairobi au Dar, jengo kubwa likizinduliwa utasikia: lina cheti cha kijani, linaokoa nishati asilimia kadhaa. Sawa, lakini asilimia ya nini? Swali hili Wakanada walilazimika kulijibu zamani kidogo, na majibu yao yana funzo kwetu.

Tuanze na historia. Waingereza walitangulia na BREEAM mwaka 1990. Wamarekani wakaunda baraza lao la majengo ya kijani mwaka 1993, na LEED ya majaribio ikatoka 1998. Kanada nayo haikukaa bure. Chuo Kikuu cha British Columbia kilitoa kipimo chake, BEPAC, mwaka 1993, na mwaka 1996 likatoka toleo la Kikanada la BREEAM. Lakini soko lina mambo yake: mwenye jengo anataka jina ambalo mpangaji na mwekezaji wanalijua, na jina hilo likawa LEED. Baraza la Kanada, lililoanzishwa mwishoni mwa 2002, likachukua leseni kwa Wamarekani, na Desemba 2004 likatoa LEED Canada.

Je, walibadilisha jalada tu? Hata kidogo. LEED ilipima nishati kwa kanuni ya ASHRAE ya Marekani, wakati Kanada ilikuwa na kanuni yake ya taifa ya mwaka 1997, iliyokuwa legevu zaidi. Basi wakaweka milango miwili: jengo lipunguze asilimia 25 chini ya kanuni ya Kanada, au asilimia 18 chini ya ASHRAE ya 1999. Yaani jengo lilelile lina namba mbili, zote za kweli. Asilimia bila kipimo chake ni maneno matupu.

Hawakuishia hapo. Wamarekani walihesabu vifaa vya ujenzi kuwa vya karibu vikitoka ndani ya maili 500. Kanada, nchi ya reli ndefu na maziwa makuu, ikasema kilomita 800 kwa lori, ila 2,400 kwa treni au meli. Ikaongeza pia pointi ya jengo kudumu. Kumbukeni miaka ya tisini kule Vancouver maji yalikuwa yakipenya kuta za maghorofa mapya, hadi ikaundwa tume ya uchunguzi mwaka 1998.

Hapa Toronto jiji likaenda mbele zaidi. Masharti yake ya ujenzi wa kijani yalianza kwa hiari mwaka 2006, na tarehe 31 Januari 2010 daraja la kwanza likawa lazima. Siku hiyohiyo ikaanza sheria ndogo ya kupanda mimea juu ya mapaa ya majengo makubwa, kuanzia mita za mraba 2,000. Humo mna hata sharti la vioo visiue ndege wanaohama, maana hapa watu wa kujitolea wamekuwa wakiokota ndege waliogonga maghorofa tangu 1993. Jiji liliandika linalolisumbua lenyewe.

Mwaka 2016 LEED Canada iliacha kusajili miradi mipya, Wakanada wakarudi kwenye LEED ya pamoja. Masharti ya Toronto yaliendelea, na toleo la nne likaanza 2022. Leseni ina mwenyewe, bwana. Sheria ya jiji ni ya wenye jiji.

Sasa turudi kwetu. Green Star ilizaliwa Australia, ikapitia Afrika Kusini, ikafika Kenya. EDGE ya IFC inadai kupunguza asilimia 20 ya nishati na ya maji. Asilimia 20 ya jengo lipi? Nyumba za zamani za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za juu, na vichochoro vyenye kivuli. Ukilinganisha na kasha la vioo lenye viyoyozi, basi kasha lililopunguziwa viyoyozi kidogo nalo litapewa cheti!

Kanada iliweza kujadiliana kwa sababu iliingia na kanuni yake mkononi, dhaifu kama ilivyokuwa. Asiye na kipimo chake hupimiwa kwa cha mwenziwe. Tuandike kwanza kanuni zetu za nishati, za joto letu na mvua zetu, cheti kifuate.

Walio kwenye ujenzi huko nyumbani, tupeni habari: mnapimiwa kwa kipi?

Wasalaam, Toronto.