Breketi ya Alteneta: Historia ya Kipande cha Chuma Tunachokidharau

Wiki hii tuache kidogo historia ya vita na mikataba, tuongelee breketi inayoshika alteneta kwenye injini. Msicheke. Wengi wetu tunajifunza ufundi gereji bila kupita darasani, na hapa ndipo kazi nyingi zinaharibikia.

Tuanzie mbali. Karne ya 19, viwanda vya Uingereza na Marekani viliendeshwa kwa mikanda bapa ya ngozi. Injini moja ya mvuke ilizungusha shafti ndefu darini, na kila mashine ikavuta nguvu kwa mkanda wake. Puli zilitengenezwa zikiwa zimevimba kidogo katikati. Kwa nini? Mkanda bapa ukizunguka hupanda kuelekea penye unene, kwa hiyo ulijirudisha katikati wenyewe. Fundi akikosea kidogo, mkanda unamsamehe.

Magari ya kwanza yalirithi hali hiyo. Ford Model T ilizungusha feni kwa mkanda bapa. Shida yake ni kuteleza. Mwaka 1917 John Gates wa Denver, Marekani, akaleta mkanda wa mpira na nyuzi wenye umbo la V, unaojibana ndani ya mfereji wa puli. Nguvu ikaongezeka, uvumilivu ukapungua. Mkanda wa V hauwezi kuhama kutafuta katikati. Mifereji isipotazamana, unaingia umepinda na kukwaruzwa upande mmoja kila mzunguko.

Sasa umeme. Kwa miaka mingi betri ilichajiwa na dainamo, chombo kirefu na chembamba, kinachochaji vibaya injini ikiunguruma polepole. Diodi za silikoni ziliposhuka bei, alteneta ikachukua nafasi: Chrysler iliifunga kama kifaa cha kawaida kwenye Valiant ya mwaka 1960. Land Rover, gari linalojulikana sana ukanda wetu, ilifanya hivyo kwenye Series III ya 1971. Wenye Series II waliotaka chaji nzuri wakaanza kubadilisha wenyewe. Lakini alteneta ni fupi na nene, masikio yake hayakai palipokaa ya dainamo. Ikabidi watengeneze breketi mpya na kusogeza puli mbele au nyuma kwa washa.

Mambo hayo hayajaisha. Huku kwetu spea ikikosekana, inafungwa alteneta ya gari jingine na breketi inachomelewa. Injini inawaka, taa ya betri inazimika, kila mtu anafurahi. Baada ya siku chache mkanda unalia asubuhi na vumbi jeusi la mpira limetapakaa. Kwenye injini nyingi za zamani mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji. Ukikatika, injini inachemka. Kama gari limebeba mgonjwa usiku, hiyo breketi imeshakuwa jambo la uhai.

Kwa hiyo, wana, shikizeni breketi kwanza kabla ya kuchomelea moja kwa moja. Chomeleeni ikiwa nje ya gari, au mtoe waya za betri na za alteneta, maana diodi zinaungua kirahisi. Vuta uzi au weka rula ya chuma kutoka puli ya krankishafti hadi ya alteneta. Usitegemee kingo za puli, unene wake hutofautiana. Linganisha katikati ya mifereji. Halafu angalia kama alteneta imeinama. Kwa mkanda wa V kinachovumilika ni kama nusu digrii: kwenye umbali wa sentimita 30, hiyo ni milimita 2 na nusu tu. Washa moja nyembamba inaweza kuokoa mkanda. Ukishakaza mkanda pima tena, kwa sababu breketi dhaifu hupinda ikivutwa.

Enzi za mkanda wa ngozi fundi aliweza kukadiria kwa macho. Enzi hizo zimepita. Wengi wetu vyeti vilibaki nyumbani, wengine hatukuwahi kuvipata. Lakini mwenye gari ambaye mkanda wake umedumu mwaka mzima hatakuuliza cheti, atakuletea gari la jirani yake.

Wachomeleaji mliomo humu, tuambieni: nyie mnapima kwa uzi au kwa rula?