Kodi ya Uingereza na Umbo la Injini, 1921–1948

Mafundi wa gereji hapa Kampala husema kwamba injini ambayo pistoni yake inasafiri mbali ndiyo yenye nguvu ya kupanda milima, na mfano wao ni Land Rover za zamani. Nilipoanza kusoma habari za injini hiyo nilitarajia kukuta wahandisi waliofikiria milima kama ya Kigezi. Nilikuta zaidi habari za kodi.

Mwaka 1921 serikali ya Uingereza ilianza kutoza kila gari pauni 1 kwa mwaka kwa kila nguvu ya farasi 1. Nguvu hiyo haikupimwa barabarani. Ilikokotolewa kwa kanuni ya Royal Automobile Club: chukua kipenyo cha silinda kwa inchi, kizidishe kwa chenyewe, zidisha kwa idadi ya silinda, kisha gawanya kwa 2.5. Safari ya pistoni, yaani umbali inaopanda na kushuka ndani ya silinda, haikuingia katika hesabu kabisa. Basi mhandisi aliyetaka injini kubwa yenye kodi ndogo alibana silinda na kurefusha safari.

Ford Model T, yenye silinda 4 za kipenyo cha inchi 3.75, ilihesabiwa farasi 22.5 na kutozwa pauni 23, ingawa ilitoa farasi 20 tu. Austin Seven, iliyotoa takriban farasi 10, ililipa pauni 8. Sishangai kwamba watengenezaji wa Uingereza hawakuichukia sana kodi hii, kwa kuwa iliwakinga dhidi ya magari ya Marekani. Mwishowe Ford nao walifuata: Model Y ya mwaka 1932 ilikuwa na silinda za milimita 56.6 na safari ya milimita 92.5.

Je, mafundi wetu wana haki? Nusu tu. Torki ni nguvu ya kuzungusha: msukumo ulio juu ya pistoni ukizidishwa kwa urefu wa mkono wa kranki. Ukirefusha safari, mkono unarefuka. Lakini ukibana silinda, uso wa pistoni unapungua, na msukumo unapungua nao. Injini mbili zenye ujazo sawa na shinikizo sawa ndani ya silinda hutoa torki karibu sawa, ziwe nyembamba au pana. Tofauti hutokea kwenye nguvu za farasi, ambazo ni torki mara mizunguko. Pistoni yenye safari ndefu hulazimika kukimbia zaidi ili kumaliza kila mzunguko, na kasi ikizidi vyuma huumia. Tena silinda nyembamba ina nafasi ndogo ya vali, hivyo injini hukosa pumzi ikizunguka haraka. Inavuta vizuri chini, halafu inaishiwa mapema. Dereva anasikia mvuto wa chini na kuuita nguvu. Hajui kwamba sehemu ya juu imekatwa.

Januari 1948 magari mapya yaliwekewa kodi moja ya pauni 10, bila kujali injini. Aprili mwaka huohuo Land Rover ilionyeshwa Amsterdam, ikiwa na injini ya gari la Rover 60: kipenyo milimita 69.5, safari 105. Kipenyo hichohicho cha 69.5 kilikuwamo katika Morris Cowley ya miaka ya 1920, na kwa kanuni ya zamani kinatoa farasi 12. Kodi ilikuwa imekufa, injini yake ikawa bado barabarani, na meli zikaileta hadi makoloni ya Afrika Mashariki. Ilitoa farasi 50, na torki yake ya juu kabisa ilipatikana kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika. Kwenye matope hilo lilifaa, pamoja na gia zake za chini, ambazo kwa maoni yangu ndizo zilizopanda milima hasa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Rover walipanua silinda hadi milimita 77.8 na kuiacha safari palepale, 105. Nguvu ilipanda kidogo tu, kutoka farasi 50 hadi 52. Torki iliongezeka kwa zaidi ya robo.