Bei ya Datsun 240Z

Dalali alikuwa ameshatoa laki nne, taslimu, ndani ya bahasha ya kaki, na alitaka jibu kabla ya Ijumaa. Mama alinipigia simu Jumanne jioni. Si mama yangu mzazi. Ni jirani aliyenilea nusu, na mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alijua kwamba tangu shuleni nimekuwa nikikusanya vitabu na picha za mbio za Safari. "Mwanangu," alisema, "njoo uniambie lile gari ni la pesa ngapi. Mimi nalijua kama kitu cha kuanikia mahindi."

Gari lenyewe ni Datsun 240Z ya mwaka 1971, milango miwili, boneti ndefu kama pua ya mamba. Lilikuwa limekaa kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba yao, Kisumu, tangu nikiwa mtoto wa shule ya msingi. Niseme mapema: nililitaka. Laki nne ningezipata kwa kukopa hapa na pale, na Mama angenipa bila kuuliza mara mbili. Njiani kwenda kwake nilikuwa ninapiga hesabu za mnunuzi, wala si za mkadiriaji.

Bei ya gari hili imekuwa na vituko tangu siku ya kwanza. Lilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 1970 lilitangazwa kwa dola 3,526. Dola moja ilikuwa shilingi 7 na senti 14, kwa hiyo ni kama shilingi 25,000 za siku zile. Kwa pesa hizo mtu alipata injini ya silinda 6 ya lita 2.4, kabureta mbili, na umbo ambalo macho yalizoea kuliona kwenye Jaguar na Porsche za bei ya juu zaidi. Husemwa kwamba Wajapani walitaka tu kuwapendeza Wamarekani. Walitaka, ndiyo, na Yutaka Katayama, aliyeongoza Nissan huko, alilipigania sana gari hilo. Lakini urahisi wake ulikuwa na chanzo kingine pia: tangu mwaka 1949 dola moja ilikuwa imefungwa kwenye yen 360, na jasho la kiwanda cha Japani likawa rahisi kwa mwenye dola. Mwaka 1971 kima hicho kilivunjika, na bei ikaanza kupanda.

Wakati huohuo wateja walisubiri miezi. Gari lililokwisha kutumika likawa linauzwa kwa zaidi ya bei ya jipya, kwa sababu la zamani lilikuwapo na jipya halikuwapo. Kisha likaanguka. Kufikia miaka ya 1980, 240Z zilikuwa magari ya vijana wasio na pesa, nao waliziendesha mpaka sakafu zikatoboka.

Kipande cha historia kinachonifaa zaidi ninapokadiria ni cha miaka ya 1990, na watu hawakitaji sana. Nissan ya Marekani ilinunua 240Z kuukuu, ikazifumua zote, ikazitengeneza upya na kuziuza kwa takriban dola 25,000. Hazikufika hata 50, mradi ukafungwa. Fikiria: kampuni iliyoliunda gari, yenye michoro yote na njia ya kupata spea, haikuweza kulifufua na kuliuza kwa bei iliyoendelea kulipa. Ndiyo maana mtu akiniambia, "Ni kazi ndogo tu, fundi atamaliza," namwangalia usoni.

Halafu kuna namba ambayo kila mtu hunitumia kwenye simu. Januari 2020, 240Z moja ya mwaka 1971 iliuzwa Marekani kwa mnada wa mtandaoni kwa dola 310,000, kama shilingi milioni 31 za Kenya kwa kima cha wakati huo. Ni kweli. Lakini lile lilikuwa limetembea maili zisizofika 22,000. Kulitumia kupima gari lililokaa bandani Kisumu ni sawa na kupima shamba la mawe kwa bei ya kiwanja cha Westlands.

Nilifika Jumatano asubuhi. Nilifunga sumaku ndogo kwa kitambaa nikaipitisha kwenye bodi. Mahali penye chuma ilishika; nyuma ya milango, chini, ikateleza, maana yake hapo kuna puti. Nilitoa betri, chini yake bati likavunjika kama biskuti. Nilikunja zulia: sakafu ya upande wa dereva ilikuwa na tundu la kupitisha mkono. Injini, kwa bahati, iligeuka tulipoizungusha kwa mkono. Haikuwa imekwama. Vioo vyote vilikuwapo, na dashibodi, na saa yake, na vibao vidogo vya nembo. Hivi ndivyo vitu ambavyo mgeni havihesabu. Bati mtu hulichomelea. Nembo ya mwaka 1971 hailetwi na fundi wa jua kali.

Mtaani ilisemwa kwamba gari lilishindana Safari. Hadithi ya namna hiyo ikithibitika, bei yake haina dari. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari kwa 240Z, Shekhar Mehta akawa wa pili kwa 240Z nyingine. Mwaka 1973 Mehta na Lofty Drews wakashinda kwa gari la aina hiyohiyo, baada ya kulingana pointi na Harry Källström, naye akiwa na Datsun. Lile la Herrmann liko Japani katika hazina ya Nissan, na mabonyeo yake halijanyooshwa. Kwa hiyo nilitafuta. Namba ya chesisi ilianza na HS30, yaani gari la usukani wa kulia, na ililingana na kibao. Lakini sikuona matundu ya fremu ya usalama, wala dalili ya bamba la kukinga injini, wala mahali pa taa za ziada. Nikamwambia Mama kwamba hadithi ya Safari siwezi kuipa hata shilingi.

Nilidhani atahuzunika. Akacheka. "Hiyo ni ya watoto wa mtaani. Mzee hakuwahi kusema gari lilishindana. Alisema alilinunua kwa mtu mwenye haraka."

Akaleta bati la biskuti. Ndani mlikuwa na kitabu cha usajili na risiti iliyoandikwa kwa mkono. Namba ya kwanza ya gari ilianza na U. Lilisajiliwa Kampala, na lilibadilisha mikono Oktoba 1972, kwa shilingi 5,000.

Mtu wa Kisumu hahitaji kuelezwa tarehe hiyo. Agosti mwaka huo Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, akawapa siku 90. Ukoo wa Mehta, uliokuwa na mali nyingi Uganda, ulikuwa miongoni mwa walioondoka. Waliruhusiwa kubeba pesa kidogo mno, kwa hiyo kitu kisichobebeka kiliuzwa kwa chochote au kiliachwa. Gari la mwaka mmoja kwa shilingi 5,000! Muuzaji alijua thamani yake, mnunuzi aliijua, na bado karatasi ikatiwa sahihi na wote wawili. Kisheria hapana kasoro.

"Alikuwa akisema, 'Yule sikumpa bei, nilimpa nauli,'" Mama aliniambia. "Baadaye akaacha kuliendesha. Nikimuuliza, anasema spea hakuna."

Sina hakika kwamba hiyo ndiyo sababu. Spea kweli zilikuwa shida. Lakini nilikaa kwenye kigoda pale bandani nikaziona laki nne za dalali na Ijumaa yake, na mkopo wangu mwenyewe niliokuwa nimeupanga njiani, na nikaona haya.

Basi nikafanya hesabu upya, mbele yake, kwenye daftari la mjukuu. Gari kama hili likiwa zima na linatembea, Nairobi nilikuwa nimesikia likiuzwa, si likitajwa tu, milioni tatu na nusu. Kenya kwa kawaida hairuhusu gari lililopita miaka 8 kuingizwa, kwa hiyo yaliyopo ndiyo hayo. Mafundi wawili niliowapigia waliniambia bodi, sakafu na rangi vitakula milioni moja na zaidi. Breki, tairi, kabureta na nyaya, laki nne au tano. Nikaongeza laki tatu za mambo yasiyoonekana mpaka rangi ibanduliwe. Ikabaki milioni moja na laki saba. Chini ya milioni moja na nusu, nilimwambia, usikubali, hata kwangu.

Alinitazama. "Kwani na wewe walitaka?"

"Nililitaka, Mama."

"Mbona hukusema?"

Ijumaa dalali alirudi, akapanda hadi laki sita, akaondoka amenuna. Wiki saba zilipita bila mtu, na Mama alinipigia mara mbili kuuliza kama sikukosea. Mara ya pili hata mimi nilianza kuwa na shaka. Kisha akaja fundi mmoja kutoka Nairobi, anayetengeneza magari ya zamani, akalala chini ya gari saa nzima na tochi. Walipatana milioni moja na laki sita. Akataka pia risiti ya mwaka 1972, maana karatasi za mwanzo huongeza thamani, jambo ambalo ni kweli na nilikuwa nimelisema mwenyewe.

Mama alikataa kuitoa. Kitabu cha usajili achukue, risiti ibaki. Fundi akasema basi atapunguza elfu hamsini. Mama akakubali hapohapo, akaikunja risiti na kuirudisha kwenye bati la biskuti, ikiwa na jina la yule bwana wa Kampala juu na la mumewe chini.