Mahindi, nyasi na virusi mapacha

Leo tuache siasa kidogo, tuzungumzie ugali. Au niseme, kitu kinachoweza kukunyima ugali.

Wengi wetu wa mjini mahindi tunayajua ya kuchoma kituoni na ya sembe dukani, basi. Lakini muulize babu au shangazi yako aliyeko shamba kuhusu ugonjwa wa milia. Majani yanatoka vistari vyeupe na vya manjano vinavyofuata mishipa ya jani. Mmea ukipatwa ungali mchanga unadumaa, na wakati mwingine hata gunzi la maana hutoi. Ni ugonjwa wa virusi, na sehemu kubwa ya historia yake imeandikwa hapa hapa kwetu, Amani, milima ya Usambara.

Ulitoka wapi? Mahindi si ya kwetu. Jina linasingizia India, lakini mmea asili yake ni Mexico, na uliingia Afrika baada ya Wazungu kuvuka Atlantiki. Jibu la haraka ni kwamba mgeni alikuja na maradhi yake. Sivyo, wadau. Huko Amerika ugonjwa huu haupo! Upo Afrika na kwenye visiwa jirani vya Bahari ya Hindi. Mgeni aliyakuta maradhi huku huku.

Mwaka 1901 Claude Fuller, mtaalamu wa wadudu wa serikali ya Natal, Afrika Kusini, aliueleza kwa maandishi, akadhani kosa ni la udongo. Ilipofika 1925 mwenzake H. H. Storey alionyesha kwamba mhusika ni kidudu kirukaji cha milimita tatu hivi kinachofyonza utomvu wa nyasi. Kinaitwa Cicadulina mbila (Wazulu mahindi huyaita umbila). Kisha, 1930, Storey na A. P. D. McClean walitoa matokeo ya kuuhamisha ugonjwa kati ya mahindi, miwa na nyasi za mwituni. Waligundua kwamba milia si ugonjwa wa namna moja. Kila mmea una aina inayouzoea, na aina ya huku haikai vizuri kule.

Wakati huo Storey alikuwa ameshahamia Amani, kwenye kituo walichokianzisha Wajerumani mwaka 1902 na Waingereza wakakifufua. Huko ndiko alikofanya kazi ninayoipenda kuliko zote. Aliona kwamba si kila kidudu huambukiza, hata kikila jani lenye ugonjwa. Akavizalisha kizazi baada ya kizazi, na mwaka 1932 akaonyesha kwamba uwezo huo hurithiwa kutoka kwa wazazi. Halafu akachukua sindano, akavitoboa utumbo vile visivyoambukiza. Vikaanza kuambukiza! Kumbe kizuizi kilikuwa ukuta wa utumbo. Hebu fikiria, kumtoboa utumbo mdudu wa milimita tatu na abaki hai, tena porini Usambara, miaka ya thelathini.

Baada ya vita utafiti ulihamia Muguga, karibu na Nairobi. Mwaka 1974 K. R. Bock na wenzake wakavisafisha virusi hivyo na kuvitazama kwa hadubini ya elektroni. Vilikuwa viwili viwili, vimegandana kama mapacha. Kundi zima la virusi vya namna hiyo duniani, pamoja na vile vya batobato kali ya mihogo, linaitwa kwa neno la Kilatini lenye maana ya mapacha.

Hapa ndipo hadithi inapogeuka. Wanasayansi walipokuja kusoma vinasaba vya virusi hivyo (ni herufi 2,700 hivi tu), waliona kwamba aina inayoangamiza mahindi ni chotara. Wazazi wake ni virusi viwili vya nyasi, na makadirio yanaweka kuzaliwa kwake kusini mwa Afrika katika miaka ya 1800. Kwa hiyo hata kusema mgeni aliyakuta maradhi ni nusu ya ukweli. Nyasi zilikuwa na virusi vyake, zikiishi navyo bila kelele. Muuaji alipatikana baada ya sisi kulima mahindi kando ya nyasi hizo, eka kwa eka.

Nyasi za porini zinaendelea kuvihifadhi virusi hivi wakati wa kiangazi, na zikikauka kidudu kinahamia penye kijani. Ndiyo maana anayechelewa kupanda, au anayelima kwa umwagiliaji jirani na shamba la zamani, huumia zaidi. Kung'oa nyasi zote za Afrika haiwezekani, kwa hiyo watafiti, wakiongozwa na wa Ibadan, Nigeria, kuanzia miaka ya sabini walitafuta mbegu inayostahimili. Hapa kwetu zikaja TMV-1, Staha-ST na Kilima-ST. Hizo herufi ST zinatokana na jina la Kiingereza la ugonjwa wenyewe, ingawa mwenye duka la pembejeo ukimuuliza huenda akakwambia ni kampuni.