Tyubu ya Baiskeli

Mdogo wangu hajawahi kukaa tahiyatu bila maumivu. Ana himofilia, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, na tangu utotoni damu humvujia ndani ya goti la kulia. Likivimba analala, na kila akilala paja linazidi kukonda. Sasa ana miaka 19. Mwezi uliopita nilimfuma uani akijifunga paja kwa tyubu ya baiskeli, eti kaona wanyanyua vyuma wa mtaani wakifanya hivyo.

Nikamnyang'anya. Tukagombana vibaya. Mimi, mhitimu wa kidato cha nne mwenye riwaya isiyokwisha, nikaiacha riwaya nikatafuta jambo hili limetoka wapi.

Kumbe limetoka kwenye magoti! Mwaka 1966 huko Japani, kijana wa miaka 18, Yoshiaki Sato, mpenzi wa vyuma, alihudhuria ibada ya Kibudha ya kumkumbuka marehemu. Alikalia visigino mpaka miguu ikafa ganzi. Alipoyasugua mashavu ya miguu akayahisi yamejaa, kama baada ya mazoezi mazito. Akawaza: isije ikawa ni damu iliyozuiwa? Akaanza kujifunga kamba na tyubu za baiskeli, akijipima mwenyewe. Mwaka 1967 alizidisha, akalazwa; donge la damu limefika mapafuni. Hakukoma, bwana. Mwaka 1973 alivunjika kifundo na kuumia goti akiteleza kwenye theluji. Mguu ukiwa ndani ya hogo, akawa anafunga paja, anakaza msuli na kulegeza. Kwa maelezo yake, msuli haukunyauka. Njia hiyo akaiita kaatsu.

Siri yake ni kwamba damu inaingia mguuni lakini inarudi kwa shida, msuli unachoka upesi, na uzito mdogo, kama asilimia 20 hadi 30 ya ule unaouweza, unatosha kuujenga.

Wenye himofilia wao waliambiwa tulia. Leopold, mtoto wa Malkia Victoria, aliteleza huko Cannes mwaka 1884 akafa akiwa na miaka 30. Alexei, mwana wa mfalme wa Urusi aliyezaliwa mwaka 1904, aliwekewa mabaharia wa kumlinda asianguke. Tusiwacheke wakubwa wale, dawa haikuwepo. Ni miaka ya 1960 Judith Pool wa Marekani alipogundua kwamba utegili wa damu uliogandishwa kwa baridi, ukiyeyushwa polepole, huacha mashapo yenye kile kinachogandisha damu. (Miaka ya 1980 dawa za aina hiyo zilibeba virusi vya UKIMWI zikaua wengi, lakini hicho ni kisa kingine.) Baada ya dawa kupatikana, ndipo madaktari walipoanza kusema: paja lenye nguvu hulishika goti.

Sasa paja utalijengaje? Linataka uzito, na goti bovu haliwezi uzito. Hapo ndipo mkanda wa Sato unapoingia. Miaka ya karibuni watafiti wa Hispania wameujaribu kwa vikundi vidogo vya watu wazima wenye himofilia: mkanda mpana, mgandamizo unapimwa kwa mashine, dawa imeshaingia mwilini, mtaalamu yupo pembeni. Sio tyubu uani.

Nilimsimulia dogo yote. Akaniangalia. "Kaka, mimi si damu yangu haigandi? Hilo donge litatoka wapi?"

Nilicheka, sikutaka. Sato alijitia hatarini kwa damu kuganda. Huyu ngozi na msuli chini ya tyubu vingemvujia damu. Tena dawa yake ya kugandisha damu nayo huziba mishipa, ikizidi.

"Na nikikaa tu?" akauliza.

Hapo sikuwa na jibu. Paja lake nalijua, ni jembamba kuliko mkono wangu.

Alhamisi tunakwenda kliniki, na swali ataliuliza mwenyewe. Tyubu nimeificha chini ya godoro langu. Yeye kajilaza mkekani, mguu kaunyoosha, anauinua na kuushusha bila uzito wowote, anahesabu kwa sauti ili nimsikie.