Abayudaya wa Mbale: Historia Iliyotunzwa Katika Nyimbo

Semei Kakungulu anajulikana zaidi kama jemadari wa Kiganda aliyewashindia Waingereza nchi ya mashariki ya Uganda, akaanzisha mji wa Mbale mwanzoni mwa karne ya 20, kisha akawekwa kuiongoza Busoga kuanzia 1906 hadi 1913. Nusu ya pili ya maisha yake vitabu huipitia juu juu. Imetunzwa zaidi na Abayudaya, Wayahudi wa vijiji vya Mbale na jirani zake, na kwa sehemu kubwa imefika kwenye albamu kwa juhudi za ndugu wawili wapiga gitaa: J.J. Keki, mkulima wa kahawa, na Gershom Sizomu.

Kakungulu alitaka ufalme, Waingereza wakamnyima. Akiwa na kinyongo hicho akajiunga na Bamalaki, madhehebu ya Kikristo yaliyokataa dawa za hospitali. Hao pia hakudumu nao. Akiisoma Biblia ya Kiganda, iliyokamilika 1896, aliona kwamba amri ya tohara haijafutwa popote, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Husimuliwa kwamba alipoambiwa hayo ni mambo ya Wayahudi, alijibu kuwa basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha kanuni na sala kwa Kiganda, na alipofariki 1928 aliacha jumuiya iliyozijua zaburi kwa maneno, lakini ikaziimba kwa tuni za Kiafrika na za tenzi za kanisani.

Pigo kubwa lilikuja baada ya Idi Amin kutwaa madaraka mwaka 1971. Uyahudi ulipigwa marufuku, na jumuiya iliyokadiriwa kuwa na watu 3,000 ikabaki na mamia machache. Wengine walisilimu au kuingia kanisani, waliosalia wakasali kwa siri. Amin alipoondolewa 1979, sinagogi zilikuwa na wazee na kumbukumbu, ila vijana walikuwa haba. Katika miaka ya 1980 kundi la vijana kwenye kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya mji, lilianza kuzitungia zaburi tuni mpya: mwimbishaji anatangulia, kwaya inaitikia, gitaa linashika mwendo. Bila gitaa hilo, huenda mahubiri peke yake yasingewarudisha vijana.

Rekodi ya kwanza kusikika ng'ambo ilitoka 1997, ikiimbwa na kwaya ya Kohavim Tikva. Mwaka 2003 kampuni ya Smithsonian Folkways ya Marekani ikatoa albamu ya muziki wa Abayudaya, iliyorekodiwa na Jeffrey Summit, rabi na mtaalamu wa muziki wa Chuo Kikuu cha Tufts. Ndani yake mna zaburi za Kiebrania na za Kiganda, pamoja na nyimbo za kubembeleza watoto. Anayeisikiliza mfululizo anaipata jumuiya nzima, kuanzia kitanda cha mtoto hadi ibada ya Sabato. Albamu hiyo iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy.

Albamu iliyofuata, Delicious Peace, iliyotoka 2013, inashika mada moja barabara zaidi. Keki alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001 na alishuhudia kwa macho mashambulizi ya majengo ya World Trade Center. Aliporudi Mbale alipita kwa majirani Waislamu na Wakristo akiwashawishi wauze kahawa pamoja, na mwaka 2004 ukaundwa ushirika wa Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Kahawa yao ni arabika ya mteremko wa Mlima Elgon, zao ambalo tangu 1954 lina chama kikuu cha ushirika cha Bugisu. Wakulima wenyewe ndio waimbaji: vikundi vya gitaa vya vijijini na kwaya za akina mama, wakihimizana kutunza mibuni, kudai bei ya haki na kuvumiliana katika dini. Naye Sizomu, nduguye Keki, alipata cheo cha urabi mwaka 2008 baada ya kusomea Los Angeles, na mwaka 2016 akachaguliwa mbunge wa Bungokho Kaskazini.