Fahamu Kuhusu Cadillac, Timu ya 11 ya Formula 1

Kampuni ya General Motors ya Marekani, kupitia chapa yake ya Cadillac, inaingia katika mashindano ya dunia ya magari ya Formula 1 kuanzia msimu wa mwaka 2026. Kuingia kwake kunafanya idadi ya timu kuwa 11 na magari yanayoanza mbio kuwa 22. Mara ya mwisho kwa timu mpya kabisa kuingia katika mashindano hayo ilikuwa mwaka 2016, ilipoingia timu ya Haas, nayo ya Marekani.

Makala haya yanaeleza jinsi timu mpya inavyopata nafasi katika mashindano hayo, kwa nini ombi la awali la Wamarekani lilikataliwa, na wajibu unaoikabili timu hiyo.

Mamlaka mbili, idhini mbili

Formula 1 inaongozwa na mamlaka mbili zenye majukumu tofauti. Ya kwanza ni Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA), linalotunga kanuni na kusimamia usalama. Ni shirikisho hilo pia linalosimamia mashindano ya dunia ya magari ya mbio ndefu, ambayo Safari Rally ya nchini Kenya ni sehemu yake. Mamlaka ya pili ni menejimenti ya kibiashara ya Formula 1, inayomilikiwa na kampuni ya Liberty Media ya Marekani tangu mwaka 2017. Hiyo huuza haki za matangazo, huingia mikataba na viwanja na kugawa mapato kwa timu.

Mwombaji mpya hulazimika kuzishawishi mamlaka zote mbili. FIA hupima uwezo wake wa kiufundi na wa kifedha, wakati menejimenti ya kibiashara hupima iwapo ujio wake utaongeza thamani ya mashindano. Idhini ya upande mmoja haitoshi.

Ombi lililokataliwa

Mwezi Januari mwaka 2023, Michael Andretti, mtoto wa bingwa wa dunia wa mwaka 1978 Mario Andretti, alitangaza ushirikiano na Cadillac kwa lengo la kuunda timu. Mwezi Februari FIA ilifungua rasmi milango ya maombi, na ilipofika tarehe 2 Oktoba 2023 ilitangaza kuwa ombi la Andretti ndilo pekee lililotimiza masharti yake.

Hata hivyo, tarehe 31 Januari 2024 menejimenti ya kibiashara ililikataa. Hoja zake zilikuwa kwamba kuongezeka kwa timu ya 11 peke yake hakuleti thamani, na kwamba timu ambayo ingelazimika kutumia injini ya mshindani kwa miaka kadhaa isingekuwa na uwezo wa kushindania nafasi za juu. Pamoja na uamuzi huo, ilieleza kuwa ingelitazama kwa namna tofauti ombi la mwaka 2028 litakaloambatana na injini ya General Motors.

Nyuma ya hoja hizo lilikuwapo suala la fedha. Mapato ya mashindano hugawanywa kwa timu zote, hivyo timu inapoongezeka, fungu la kila moja hupungua. Makubaliano ya mwaka 2021 yaliitaka timu mpya kulipa dola milioni 200 za Marekani kama fidia kwa timu 10 zilizokuwapo, sawa na dola milioni 20 kwa kila timu. Timu nyingi ziliona kiasi hicho hakilingani tena na thamani ya mashindano. Vyombo vya habari vya kimataifa viliripoti baadaye kuwa ada ya Cadillac ilifikia dola milioni 450.

Kilichobadili uamuzi

Uamuzi huo ulizua mjadala nchini Marekani. Wabunge wa Bunge la nchi hiyo walihoji misingi yake, na Wizara ya Sheria ikaanza uchunguzi kuhusu ushindani wa kibiashara. Wakati huohuo, Michael Andretti alijiweka kando, uongozi wa mradi ukashikwa na kampuni ya TWG, na General Motors ikawa mshirika kamili badala ya kuwa jina la kuunga mkono tu.

Tarehe 25 Novemba 2024 makubaliano ya awali yalitangazwa, na idhini ya mwisho ikatolewa Machi 2025. Kampuni hiyo imeahidi kutengeneza injini zake yenyewe na imeanzisha kampuni maalumu kwa kazi hiyo. Hadi injini hizo zitakapokuwa tayari mwishoni mwa muongo huu, timu itatumia injini na giaboksi za Ferrari, huku ikitengeneza umbo la gari yenyewe.

Njia hiyo inatofautiana na ya Audi ya Ujerumani, ambayo nayo inaanza mwaka 2026. Audi ilinunua timu ya Sauber ya Uswisi iliyokuwapo tayari. Kwa kuwa idadi ya timu haikuongezeka, haikuwapo ada ya fidia wala mvutano wa kugawana mapato.

Vituo, uongozi na madereva

Shughuli za Cadillac zimegawanywa kati ya Fishers katika jimbo la Indiana, Warren katika jimbo la Michigan na Charlotte katika jimbo la North Carolina nchini Marekani, pamoja na Silverstone nchini Uingereza, karibu na vituo vya timu nyingi na wahandisi wenye ujuzi.

Mkuu wa timu ni Graeme Lowdon wa Uingereza. Madereva ni Sergio Pérez wa Mexico, mshindi wa mbio 6, na Valtteri Bottas wa Finland, mshindi wa mbio 10. Kwa pamoja wameshiriki zaidi ya mbio 500. Uzoefu huo ni muhimu kwa timu isiyo na kumbukumbu za misimu iliyopita za kulinganisha na gari lake.

Funzo la waliotangulia

Historia inaonesha kuwa kupata nafasi ni jambo moja na kudumu ni jambo jingine. Timu tatu zilizoingia mwaka 2010 zote zilitoweka: moja mwishoni mwa mwaka 2012, ya pili mwaka 2014 na ya tatu Januari 2017. Lowdon alikuwa miongoni mwa viongozi wa timu hiyo ya tatu katika miaka yake ya mwanzo.

Ukubwa wa kiwanda nao si dhamana. Toyota ya Japani ilishiriki kuanzia mwaka 2002 hadi 2009 kwa bajeti kubwa, lakini iliondoka bila kushinda hata mbio moja.

Tofauti ya sasa ni kwamba kanuni zinaweka ukomo wa matumizi kwa kila timu, na msimu wa 2026 unaanza na kanuni mpya za magari na injini, ambapo takribani nusu ya nguvu itatokana na umeme. Hivyo timu zote zinalazimika kuunda magari mapya, jambo linalopunguza kwa kiasi fulani pengo kati ya mgeni na wenyeji.

Mbio za ufunguzi wa msimu zimepangwa kufanyika Melbourne, Australia, kuanzia tarehe 6 hadi 8 Machi 2026.